Hela Isitangulie Mzigo

Nimechoka kusikia kwamba aliyetapeliwa alikuwa na tamaa. Kila mtu akipigwa mtandaoni, mji mzima unamrudishia jibu lilelile: alitaka vya bei chee, mjini shule, safari nyingine atajifunza. Dereva wa Noah aliyeko Kahama, gari limezimika kwa giaboksi na marejesho ya mkopo yanamsubiri mwisho wa mwezi, anaingia mtandaoni kutafuta giaboksi iliyotumika kwa bei anayoimudu. Huyo ana tamaa gani? Ana shida. Na aliyemwibia amemwibia kwa kuijua shida hiyo.

Anavyopigwa ni hivi. Anakuta tangazo, na picha yake ni ya kweli kabisa: injini zimepangwa juu ya mbao, rafu za chuma zimejaa rejeta na bampa, sakafu nyeusi kwa oili. Chini yake pameandikwa kwamba wapo Gerezani, Kariakoo, na mikoani wanatuma. Picha hiyo imepigwa na winga aliyepita kwenye fremu ya mtu akiwa na simu mkononi, au imenyofolewa kwenye ukurasa wa muuzaji halali ambaye hana habari. Mnunuzi anapiga simu. Anapokelewa vizuri, anaitwa bosi, anaambiwa mzigo umebaki mmoja na kuna mtu wa Mwanza anaupigia hesabu, kwa hiyo atangulize nusu ashikiwe. Anatuma. Baada ya muda mfupi anarushiwa picha: kiroba kimeshonwa kwa kamba, juu yake jina lake kamili limeandikwa kwa maka peni, na namba yake ya simu chini ya jina.

Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanapoishiwa nguvu. Ukiona jina lako juu ya mzigo, unaanza kuuhesabu kuwa ni wako. Hukumbuki kwamba kiroba kinaweza kuwa na matofali. Unamalizia nusu iliyobaki. Kisha inaombwa hela ya basi. Kisha hela ya risiti ya TRA, kwa sababu eti mzigo umezuiwa. Kisha simu haipatikani.

Nenda kwenye simu za mtaa wa Aggrey, vyumba vya kupanga Kinondoni, viwanja vya Chanika, magari yanayosemwa ni ya mnada wa forodha: maneno yanabadilika, mlango ni uleule. Hela imetangulia mzigo. Ukiufunga mlango huo, sehemu kubwa ya utapeli wa matangazo ya mtandaoni inakosa pa kupita. Lakini mlango huo hauwezi kufungwa na dereva wa Kahama peke yake, na hasira yangu inaanzia hapo.

Kariakoo haijawahi kuwa msikiti, hata kabla ya matangazo ya mtandaoni. Watu wazima walinunua simu, wakafika Mbagala, wakafungua boksi na kukuta kipande cha sabuni kimekatwa kwa kipimo cha simu na kuzungushiwa nailoni. Mji ukajifunza. Leo hata mtoto wa sekondari anajua afungue boksi palepale, aweke laini yake, apige *#06#, achukue namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 ajue simu ni ya aina gani. Usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozizima simu bandia, wengi waliielewa namba hiyo kwa machungu. Lakini zaidi ya ujanja wa mnunuzi, soko lilikuwa na pingu zake kwa muuzaji. Fremu haihami usiku mmoja. Mwenye fremu amelipa kodi ya miezi kadhaa mbele, leseni iko ukutani, jirani anamjua yeye na mkewe. Ukirudi na giaboksi inayong'ata meno unamkuta, na ukipaza sauti wateja wengine wanageuka kusikiliza. Tangazo limechukua picha ya bidhaa na jina la mtaa, likaziacha pingu zote mlangoni. Tapeli anatumia jina la Gerezani kama dhamana, wakati Gerezani haikumdhamini.

Tena huenda hajawahi hata kukanyaga Gerezani. Taarifa za robo mwaka za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa kinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Anayekwambia "nipo hapa karibu na kituo cha mwendokasi" anaweza kuwa amekaa chini ya mwembe mamia ya kilomita kutoka hapo. Na wanaoumia si wanunuzi tu. Kila giaboksi hewa inayouzwa kwa jina la mtaa ule ni mteja wa mkoani aliyepotea kwa mwenye fremu halali, ambaye ataapa kwa mama yake na bado hataaminiwa.

Huyo mwenye fremu naye anapigwa, kwa staili yake. Mnunuzi aliyeona tangazo anakuja, anachagua, anaonyesha meseji ya malipo, anapakia mzigo kwenye bodaboda. Meseji imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu na imeandikwa kwa mpangilio wa M-Pesa. Mwenye duka, katikati ya wateja sita, anasoma kiasi, hasomi imetoka kwa nani. Au hela imeingia kweli, mnunuzi anaondoka, na kabla hajafika Ilala Boma amerudisha muamala akidai alikosea namba. Kwa hiyo fungua salio, usifungue meseji. Na kwa mzigo mkubwa, mnunuzi aandike kwa mkono wake kwenye risiti kwamba amelipa kiasi hiki kwa muamala namba hii, na jina lililotokea kwenye simu lilingane na la kitambulisho chake. Anayekataa kuandika asipewe mzigo. Atakasirika, mwache akasirike.

Kuna mahali pamoja ambapo sina huruma na mnunuzi, na nitapasema. Kila mwenye gari Dar es Salaam anajua kauli kwamba ukiamka ukakuta saidi mira zimeng'olewa, nenda Gerezani ukanunue za kwako. Ndiyo maana watu huchora namba za gari kwenye vioo na taa. Sasa mali ya namna hiyo haihitaji hata kukaa kwenye meza. Inapigwa picha uani, inawekwa mtandaoni. Ukiona taa inauzwa robo ya bei, ina mkwaruzo mrefu wa msasa mahali ambapo namba ilikuwa, na muuzaji anataka mkutane saa mbili usiku kwenye kona, unajua unachonunua. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na kinamhusu anayepokea akijua au akiwa na sababu ya kujua. Unamlipa kijana arudi kesho kung'oa ya jirani yako. Wauzaji halali wa mtaa ule, wanaoagiza makontena kutoka Japani na Dubai na kulipia ushuru kila skrubu, wana haki ya kukuchukia.

Sasa nije kwa wakubwa.

Tuliambiwa usajili wa laini kwa alama za vidole ungemaliza utapeli. Tukapanga foleni za NIDA, watu wakalala kwenye foleni, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Maana yake kila namba iliyompiga dereva wa Kahama ina kidole cha mtu. Cha nani? Mara nyingi ni cha bibi kijijini aliyeambiwa na msajili wa laini "bonyeza tena mama, haijasoma," na kubonyeza kwake kwa mara ya pili kukazaa laini asiyoijua. Piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ya ziada, nenda ikafungwe. Lakini kwa nini kazi hiyo iwe ya bibi? Kampuni ya simu ndiyo iliyomtuma yule msajili na kumlipa kamisheni kwa kila laini. Kila laini ya utapeli inapobainika, ianze kuulizwa kampuni: nani aliisajili, wapi, na ameshasajili ngapi za namna hiyo? Kampeni ya Sitapeliki ni njema, na namba 15040 ya kutuma meseji za matapeli naitumia na ninawahimiza wote waitumie. Ila mabango hayajawahi kumkamata mtu.

Na mitandao ya matangazo? Mwaka 2018 mwenye blogu katika nchi hii alitakiwa kulipia leseni na ada zilizofika takriban shilingi milioni 2 ili aandike mawazo yake, na akajulikana kwa jina na makazi. Anayefungua ukurasa leo usiku na kuandika "spea Gerezani, mikoani tunatuma" hakuna anayemuuliza hata jina la baba yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimlazimishi mtoa huduma kukagua kila kinachopita kwake. Nakubali hakuna awezaye kusoma kila tangazo. Lakini kumtambua anayeuza ni kazi nyingine kabisa, na inawezekana. Mtandao wa matangazo wa Jiji, ulionunua shughuli za OLX hapa na katika nchi nyingine nne za Afrika mwaka 2019, wenyewe huwaonya wateja wasitangulize malipo. Onyo ni zuri. Ila biashara kubwa imeshahamia Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hata onyo hilo halipo, na ukurasa ulioripotiwa na watu kumi unaendelea kuuza.

Dawa ipo, na wafanyabiashara wetu wanaopanda ndege kwenda Guangzhou na Yiwu wanaijua. China ilikuwa na ugonjwa huuhuu. Taobao ilipofunguliwa mwaka 2003, mnunuzi hakumwamini muuzaji na muuzaji hakumwamini mnunuzi. Mwaka uliofuata ikaja Alipay: hela inalipwa lakini inakaa katikati, muuzaji anaiona kwamba ipo na hawezi kuigusa mpaka mnunuzi aseme mzigo nimeupata. Sisi tuna M-Pesa tangu 2008. Kwa nini mpaka leo dereva wa Kahama hana kitufe cha kumwambia wakala wa pesa zake "shika hii mpaka nifungue kiroba"? Kampuni zinakata ada kwenye kila shilingi inayotumwa, ya halali na ya wizi. Benki Kuu, inayosimamia mifumo ya malipo, izipe kampuni hizo tarehe ya kuleta huduma hiyo, kama sisi tulivyopewa tarehe ya kuzimiwa laini.

Kwa wanaokutana ana kwa ana, nataka jambo dogo zaidi. Vituo vingi vya polisi Marekani vimetenga eneo lenye kamera na taa ambako watu waliojuana kwenye matangazo wanabadilishana simu na hela bila hofu. Kituo cha Polisi Msimbazi kiko mlangoni mwa soko. Benchi moja, taa moja, kamera moja. Kijana anayeuza simu yake apate ada ya chuo asilazimike kumfuata mgeni kwenye ngazi za ghorofa asilolijua.

Mpaka hayo yafanyike, mtu wa mkoani ajilinde hivi. Una ndugu Dar, au rafiki wa ndugu. Mpe nauli ya daladala na hela ya soda, aende na fundi, waushike mzigo. Kama huna kabisa, omba video ya moja kwa moja, usikubali picha. Mwambie muuzaji aandike jina lako kwa chaki juu ya giaboksi yenyewe huku unamwona, akusomee namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha atoke na simu mpaka nje, akuonyeshe fremu ya kulia na ya kushoto na amsalimie jirani. Mwenye fremu ya kweli atacheka na kufanya. Kama ni gari, chukua namba ya usajili uangalie madeni ya faini kwenye mfumo wa trafiki na bima kwenye mfumo wa TIRA, ulinganishe namba ya chesisi na kadi, na hela ya mwisho itoke siku ya kubadilisha umiliki. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lisome kwa sauti. Likiwa la mtu mwingine, na yeye anasema ni la mdogo wake, kata simu.

Na wewe ambaye umeshapigwa, labda leo hii, usijifungie ndani kwa aibu. Piga 100 kwanza, kabla hujampigia tapeli kumlilia, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu. Hifadhi tangazo, meseji, picha ya kiroba, namba ya muamala. Kisha nenda polisi. Afisa wa kaunta akikwambia ulituma kwa hiari yako, mjibu kwa adabu kwamba kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kwamba unaomba RB. Usitoke pale kaunta mpaka ameiandika.