He au she? Katika Kiingereza, tazama mwenye kitu



Tuseme umelipia magunia kumi ya unga kwa mfanyabiashara wa Kitwe, kule Zambia. Wewe uko Kolwezi, huna namna ya kusafiri. Unamtuma mdogo wako Dominique mpaka Kasumbalesa kusudi apokee mzigo, na unaandika kwa simu: "My sister Dominique is coming. Give him the bags."

Mtu wa Kitwe anasoma, anasimama. "Sister" ni mwanamke, "him" ni mwanaume. Jina Dominique halimsaidii, kwa sababu wanawake wanalibeba na wanaume pia. Je, wanakuja watu wawili? Mzigo apewe nani? Mfanyabiashara mwangalifu hatatoa hata gunia moja mpaka akupate kwa simu. Na kama simu yako imezimika, mdogo wako atalala mpakani, juu ya neno moja la herufi tatu.

Kosa hili si la uvivu. Linatoka katika lugha mbili ambazo tunazijua vizuri. Katika Kiswahili, ukisema "amefika" au "mpe magunia", hakuna anayejua kama ni mwanaume ama mwanamke. Kifaransa cha masomo kinatenganisha "il" na "elle", lakini kikisema "donnez-lui", lile "lui" linafaa kwa wote wawili. Basi pale ambapo lugha zetu mbili zinanyamaza, Kiingereza kinataka useme.

Shika hivi. Mwanaume akifanya kazi ni "he", akifanyiwa ni "him", mali yake ni "his". Mwanamke akifanya ni "she", akifanyiwa ni "her", na mali yake ni "her" vile vile. Ujumbe wetu ulipaswa kuwa: "My sister Dominique is coming. Give her the bags."

Mume wa nani?

Hapa ndipo hata waliomaliza masomo wanaanguka. Katika Kifaransa tunasema "son mari" na "sa femme". Ni kile kitu kinachoamua: "mari" ni neno la kiume, kwa hiyo "son", hata kama mwenye mume ni mwanamke. Tukiipeleka kanuni hiyo katika Kiingereza, tunaandika "Marie and his husband". Mwingereza au Mzambia atajiuliza huyo "his" ni nani.

Kiingereza hakitazami kitu, kinatazama mwenye kitu. Marie ni mwanamke, basi vyote vyake ni "her": her husband, her son, her phone. Joseph ni mwanaume, basi vyote vyake ni "his": his wife, his daughter, his house. Usiulize kama kitu ni cha kike ama cha kiume. Uliza: ni cha nani?

Jambo hili linawagusa binti zetu pia. Katika kampuni za migodi hapa Lualaba, wakubwa wengine wanasoma Kiingereza kuliko Kifaransa. Msichana akileta barua ya kushuhudia kazi yake, na ndani imeandikwa "She worked with us for two years. His work was good", anayesoma anaweza kufikiri kwamba barua ilinakiliwa kutoka kwa ya kijana fulani. Msichana hakudanganya, lakini barua yake imeanza kutiliwa mashaka. Msome barua pamoja kabla hajaipeleka.

I ama me?

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Tunasema "ninamwita", na tunasema "ananiita". Pale unapofanya ni "I", pale unapofanyiwa ni "me". Ugumu unakuja mkiwa wawili. Dawa yake ni ndogo: mtoe yule mwenzako, kiisha usikilize.

"My sister and I will come." Toa "my sister and", inabaki "I will come". Ni sawa.

"Give the receipt to my sister and I." Toa "my sister and", inabaki "give the receipt to I". Hapana! Andika "to my sister and me".

Na hilo "I" liandike kwa herufi kubwa siku zote, hata katikati ya sentensi. Si kujisifu, ndiyo desturi ya Kiingereza.

Vitu, heshima, na mtu usiyemjua

Mzigo, unga, kikwembe, simu: kimoja ni "it", vingi ni "they" ama "them". Usiandike "The flour is good, she is fresh" kwa sababu Kifaransa kinasema "la farine". Andika "it is fresh".

Kwa heshima, Kifaransa kina "tu" na "vous". Kiingereza cha leo kina "you" tu, kwa mtoto na kwa mkubwa. Heshima yako iweke katika "Sir", "Madam" na "please".

Na dereva ambaye hujui kama ni mwanaume ama mwanamke? Unaweza kuandika "they" na "them" hata kwa mtu mmoja: "When the driver comes, give them this paper." Inakubalika. Lakini ukimjua mtu, sema wazi, kusudi anayesoma asibahatishe.

Zoezi la nyumbani

Fanyeni na watoto wa sekondari, kila mtu na karatasi yake. Jazeni nafasi:

1. My mother is in Lubumbashi. Call ___ tonight.
2. Joseph is waiting for ___ wife.
3. Marie is looking for ___ son.
4. The phone is new, but ___ does not work.
5. They sold the goods to my friend and ___ (mimi).

Majibu: 1. her, 2. his, 3. her, 4. it, 5. me.

Aliyekosa la 3 alitazama mtoto wa kiume akamsahau mama yake. Arudie tu: ni mtoto wa nani? Na kabla ya kutuma ujumbe wowote wa Kiingereza, weka kidole juu ya kila "he", "she", "his" na "her", uulize: huyu ni nani? Kama kidole hakipati mtu wa kuonyesha, usitume bado.