Mto wa jangwani huanzia Kanja

Ni vigumu kumshawishi mkulima wa Kanja, katika Kaunti ya Embu, kwamba anaishi penye chanzo cha mto wa jangwani. Miteremko ya Mlima Kenya upande huo imejaa kahawa na migomba, na juu zaidi mashamba ya majani chai yanapanda kuelekea mpaka wa msitu. Mvua ikinyesha, tatizo huwa matope barabarani wala si ukame.

Hata hivyo, hivyo ndivyo wataalamu wanavyoueleza Mto Tana. Mto huo, ulio mrefu kuliko mingine yote nchini kwa takriban kilomita 1,000, hupata karibu maji yake yote kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua. Ukishaiacha milima, hupita katika nchi kame kwa mamia ya kilomita bila kuongezewa cha maana, isipokuwa maji ya laga ambazo hutiririka siku chache tu katika mwaka. Mjini Garissa mvua ya mwaka mzima haifikii hata nusu ya ile inayonyesha Embu. Kwa hiyo kila debe linalomfikia Mpokomo shambani mwake, au ng'ombe wa Mworma penye malka, limetoka kwa watu wa milimani ambao hajapata kuwaona.

Kenya haina upungufu wa wajuzi wa mto huu. Wapo wanaouchunguza, wapo wanaouendesha kwa milango ya mabwawa na vibali vya maji, na wapo wanaoandika juu yake. Kasoro ni kwamba makundi hayo hayakubaliani juu ya jambo moja la msingi, nalo ni iwapo furiko ni hasara au ni mavuno. Mzozo huo, ambao kwa miaka mingi umeonekana kuwa wa wasomi pekee, sasa unaihusu mito inayoteremka karibu na Kanja kuliko mingine yoyote.

Sababu yake inaonekana katika ramani. Mto Rupingazi, unaopita kando ya mji wa Embu, humwaga maji yake katika Mto Thiba, nao Thiba huingia katika bwawa la Kamburu. Maji hayo basi huangukia mikononi mwa wahandisi. Lakini Mto Thuci, ulio mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi, hufuata njia nyingine. Pamoja na Mutonga na Kathita, unaotoka Meru, huingia Tana chini ya Kiambere, ambalo ndilo bwawa la mwisho. Maana yake ni kwamba mito ya mashariki ya mlima ndiyo iliyobaki huru. Furiko la msimu linaloonekana Garissa na Hola katika mwaka wa kawaida hutegemea sana mito hiyo, kwa kuwa hakuna lango linaloizuia.

Mabwawa yenyewe yalijengwa katika muda wa miaka 20: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndiyo ghala, kwani iliundwa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56 ili mitambo ya umeme iliyo chini yake isikose maji wakati wa kiangazi. Kwa kipimo cha umeme, kazi hiyo ilifanikiwa, na kwa muda mrefu taifa liliwasha taa zake kwa maji ya Tana.

Waliokwenda kupima upande wa chini walileta habari tofauti. Katika miaka ya 1980 mtafiti Francine Hughes alichunguza misitu ya kingo za Tana akaonyesha kwamba miti yake huchipua na kukua kwa kufuata mafuriko na kuhama kwa mkondo. Ndiyo misitu wanamoishi kima wawili adimu, kolobasi mwekundu na mangabe wa Tana, wasiopatikana popote pengine duniani. Mwaka 2002 John Maingi na Stuart Marsh walichapisha uchambuzi wa vipimo vya mto kabla na baada ya Masinga. Waliona kwamba maji ya kiangazi yaliongezeka, huku vilele vya mafuriko vikipungua. Kwa mhandisi hayo ni mafanikio. Kwa mkulima anayepanda mpunga na ndizi katika udongo ulioloweshwa na mto ni shamba lililokauka, na kwa mfugaji anayeteremka deltani wakati wa kiangazi ni malisho yaliyopungua.

Mchumi Lucy Emerton, katika tathmini iliyochapishwa na IUCN mwaka 2003, alijaribu kuyatia hayo katika hesabu ya fedha, kwani hasara ya watu wa chini haikuwa imeandikwa katika vitabu vya waliopanga mabwawa. Miaka tisa baadaye, Stéphanie Duvail na wenzake, akiwemo mtaalamu wa samaki Dorothy Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walieleza jinsi unyakuzi wa ardhi katika delta ulivyokuwa pia unyakuzi wa maji. Ilikuwa mwaka 2012. Kati ya Agosti mwaka huo na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Siasa za uchaguzi zilichangia, lakini anayesahau malisho na maji katika kisa hicho hajakisoma chote.

Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini maarifa hayo hayakuingia katika maamuzi. Sehemu ya jibu imo katika sheria. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinatambua akiba ya maji isiyoguswa, kwa ajili ya mahitaji ya lazima ya binadamu na uhai wa mto. Kanuni za 2007 ziliweka kiwango cha chini cha akiba hiyo kuwa mtiririko unaopatikana au kupitwa katika asilimia 95 ya muda. Kwa maneno mepesi, mto ulindwe usikauke. Maji ya mafuriko, kinyume chake, yalihesabiwa kuwa ya ziada, na mwenye shamba la umwagiliaji alitakiwa kuyahifadhi ili ayatumie siku 90 za kiangazi. Kanuni hiyo inamfaa sana mkulima wa Kanja na jirani yake wa chini kidogo. Kwa mto unaokwenda kulisha jangwa haitoshi, kwa sababu jangwani furiko ndilo linalofanya kazi.

Yapo pingamizi, nayo ni mazito. Mwishoni mwa Aprili 2024, baada ya mvua za El Niño za 2023 na masika makali yaliyofuata, barabara ya Garissa na Madogo ilikuwa chini ya maji, na boti iliyokuwa ikivusha abiria ilizama na kuua watu. Nani angesimama mbele ya waliofiwa na kusifu mafuriko? Lakini mwaka huo huo ulionyesha pia kikomo cha mabwawa. Masinga likishajaa, linalobaki ni kuyaruhusu maji yapite na kutoa onyo, nayo maji ya Thuci, Mutonga na Kathita hayangoji onyo la mtu. Furiko la kuua na furiko la kulisha si kitu kimoja, na kazi ya mtaalamu ni kuyatenganisha.

Hapo ndipo mradi wa High Grand Falls unapoingia. Bwawa hilo, ambalo limepangwa na kupangwa upya kwa miaka mingi bila kujengwa, lingekaa chini ya makutano ya Tana na Kathita, na lingebeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 5, yaani zaidi ya mara tatu ya Masinga. Likijengwa, mto wa mwisho ulio huru utakuwa umepata lango. Wajapani waliofanya upembuzi katika miaka ya 1990 walilifikiria jambo hilo, wakazingatia uwezekano wa kuachia furiko la kupangwa mara mbili kwa mwaka kwa kufuata misimu.

Si ndoto. Katika Mto Colorado nchini Marekani, ambao majimbo yaligawana kwa mkataba wa 1922 wakitegemea vipimo vya miaka ya mvua nyingi na hivyo kuahidiana maji yasiyokuwepo, bwawa la Glen Canyon lilifunguliwa kwa siku kadhaa mwaka 1996 ili furiko lirudishe mchanga kingoni. Miongoni mwa walioona mapema kwamba fukwe zilikuwa zikitoweka ni mabaharia wa mashua za watalii, si wenye digrii. Mwaka 2014 Marekani na Mexico ziliachia maji kwa pamoja, na mto uliokuwa ukifia mchangani ukaonekana tena baharini kwa muda mfupi.

Tofauti ni kwamba kule furiko liliandikwa katika makubaliano, likawa na tarehe na kiasi. Huku, Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa vibali, KenGen huendesha mitambo, TARDA, iliyoanzishwa mwaka 1974, hudai mamlaka ya maendeleo ya bonde zima, na jumuiya za watumiaji maji hulinda vijito kimoja kimoja. Mkutano wa watumiaji wa Thuci huwaleta pamoja watu wa Embu na wa Tharaka-Nithi kugawana maji ya mabomba wakati wa kiangazi. Mtu wa Garsen hana kiti humo, na ripoti zinazoeleza kwa nini anastahili kuwa nacho zimeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa katika maktaba za mbali na mto.