Daftari la Afya Likihamia Kwenye Simu



Mwenye kisukari, au mama mjamzito ambaye presha yake imeanza kupanda, huenda akaagizwa na mganga apime nyumbani na kuandika kila siku: kipimo, saa, na dawa aliyokunywa. Siku hizi wengine hushauriwa kuandika ndani ya simu badala ya karatasi. Je, inafaa?

Tuseme ukweli kwanza. Daftari la karatasi wengi wetu tunalijaza usiku wa kuamkia kliniki, kalamu moja, mwandiko mmoja, mwezi mzima kwa mkupuo! Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2002, Arthur Stone na wenzake huko Marekani walitoa habari za wagonjwa 80 wenye maumivu ya muda mrefu. Nusu yao walipewa daftari la karatasi lililofichwa kifaa cha kutambua mwanga, ili ijulikane lilifunguliwa saa ngapi. Kwa maandishi yao wenyewe walikuwa wametimiza asilimia 90 ya zamu zao. Kifaa kilionyesha asilimia 11. Nusu nyingine, walioandika kwenye mashine ndogo ya mkononi yenye mlio wa kuwakumbusha, walitimiza asilimia 94.

Hili si jambo dogo, kwa maana mganga huongeza au kupunguza dawa kwa kufuata namba hizo. Namba za kubuni zaweza kumwacha mama bila dawa mpaka kifafa cha mimba kimkute.

Lakini sasa twende Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi. Mama anayeuza vyakula kwa abiria wa mabasi huenda hana simu yake. Ya nyumbani ni moja, anayo baba, na usiku inarudi haina chaji. Mtandao nao una siku zake. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara huko Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika. Programu isiyoweza kutunza maandishi ndani ya simu mpaka mtandao urudi haitufai huku.

Tena iko siri. Mama anayetumia ARV hataandika jina la dawa kwenye simu inayoshikwa na shemeji na watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, ila sheria hiyo haiingii chumbani. Hapo ni wewe na baba watoto mzungumze.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachovunja moyo zaidi ni kutojibiwa. Mama anaandika wiki mbili kwa uaminifu. Anafika kliniki, muuguzi haitazami simu, anamwuliza upya yote na kuyaandika kwenye kitabu cha MTUHA. Akiacha wiki ya tatu, nani amlaumu? Wala muuguzi simlaumu. Foleni imefika nje, na kazi ya kuandika mara mbili inachosha. Mpango wa Wazazi Nipendeni ulioanza mwaka 2012 ulitumia njia nyepesi: mama alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, bila malipo, hata kwa simu ya kitochi, akaletewa ujumbe kwa Kiswahili. Aliona kwamba kuna anayemjibu.

Basi kabla hujakubali kuanza, mwulize muuguzi: nani atayasoma haya, siku gani, na nikiona hatari nimpigie nani?

Na kwa mjamzito: presha ikifika 160 kwa 110, au kichwa kikiuma sana na macho kuona maluweluwe, tafuta usafiri mara moja uende hospitali ya Kinyonga, Kivinje. Daftari lisubiri.