Viashiria vya Breki za Kinga katika Melanoma ya Jicho: Nani Ananufaika na Ubashiri?

Melanoma ya uvea, yaani saratani inayoota katika tabaka la katikati la jicho lenye rangi na mishipa mingi ya damu, ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa zile zinazoanzia ndani ya jicho la mtu mzima. Hata hivyo ni ugonjwa adimu. Nchini Marekani huwapata watu wapatao watano katika kila milioni moja kwa mwaka. Ulaya ya kaskazini huonekana zaidi, na kwa watu wenye ngozi nyeusi ni nadra sana. Uvimbe ulio ndani ya jicho hudhibitiwa vizuri kwa mionzi au kwa kuliondoa jicho. Lakini takriban nusu ya wagonjwa hatimaye hukutwa na saratani iliyosambaa, mara nyingi kwenye ini.

Utafiti mkubwa wa COMS, ulioanza Marekani mwaka 1986, ulilinganisha wagonjwa walioondolewa jicho na wale waliowekewa kibati cha mionzi juu ya jicho. Muda wa kuishi wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba seli za saratani huweza kulihama jicho mapema, kabla daktari hajauona uvimbe. Kwa hiyo swali la mgonjwa baada ya kutibiwa jicho ni moja: je, seli hizo zimekwishahama?

Sayansi imejitahidi kulijibu. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba uvimbe uliopoteza nakala moja ya kromosomu ya 3 una mwelekeo mkubwa wa kusambaa. Mwaka 2010 jeni ya BAP1, iliyomo katika kromosomu hiyo hiyo, ilitambuliwa kuwa huharibika katika aina nyingi za uvimbe zinazosambaa. Katika miaka ya karibuni macho ya watafiti yameelekezwa kwenye viashiria vya breki za kinga, kama vile PD-1, CTLA-4 na LAG-3.

Breki hizi ni protini zilizo juu ya seli T, ambazo ni askari wa mwili. Kazi yake ni kuzuia askari hao wasivuke mipaka na kuushambulia mwili wenyewe. Saratani huzitumia breki hizo kujikinga. Ugunduzi wa namna ya kuzifungua uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na dawa zilizotokana nao zimebadili maisha ya wagonjwa wengi wa melanoma ya ngozi.

Jicho limekataa kufuata kanuni hiyo. Katika melanoma ya ngozi, seli T zikijaa ndani ya uvimbe, kwa kawaida huwa habari njema. Katika melanoma ya uvea, wingi wa seli hizo huambatana na hatari kubwa zaidi. Uchunguzi wa seli mojamoja uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba seli T zilizochoka ndani ya uvimbe huu hubeba hasa LAG-3, kuliko PD-1 au CTLA-4, ambazo ndizo zilizolengwa na dawa za mwanzo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika jicho, wingu lile lile linaashiria hali nyingine kabisa.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Ni rahisi kudhani kwamba breki ikionekana kwa wingi, basi dawa ya kuifungua itafaa. Ushahidi haukubali. Dawa moja ya kuzuia PD-1 imepunguza uvimbe kwa chini ya mgonjwa mmoja katika kumi wenye melanoma ya uvea iliyosambaa. Zikiunganishwa mbili, za PD-1 na CTLA-4, tafiti zimeonyesha mafanikio kwa wagonjwa 12 hadi 18 hivi katika kila 100, tena kwa madhara makubwa zaidi. Kiashiria kinachotabiri ukali wa ugonjwa hakiwi, kwa sababu hiyo peke yake, kiashiria cha kuchagua dawa.

Kuna hoja ya pili. Sampuli nyingi zilizotumika katika tafiti hizi zimetoka kwenye macho yaliyoondolewa, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye uvimbe mkubwa. Aidha, wingi wa seli za kinga huandamana mara kwa mara na upotevu wa kromosomu ya 3 na BAP1. Kabla kipimo kipya hakijaingizwa kliniki, sharti kithibitike kuwa kinaongeza jambo ambalo vipimo vya zamani havijalisema. La sivyo, mgonjwa atalipia habari ile ile mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba basi ni heri mgonjwa asielezwe lolote. Hoja hiyo haina nguvu. Mwenye hatari ndogo hupumzishwa na jibu. Mwenye hatari kubwa hupangiwa uchunguzi wa ini wa mara kwa mara, hupata nafasi ya kushiriki majaribio ya tiba, na huweza kupanga mambo ya familia yake. Zaidi ya hayo, tiba zimeanza kupatikana. Tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022, ilijaribiwa kwa wagonjwa 378 wenye ugonjwa uliosambaa: baada ya mwaka mmoja, 73 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, dhidi ya 59 waliopata tiba nyingine.

Lakini dawa hiyo hufanya kazi kwa mwenye aina ya tishu iitwayo HLA-A*02:01 pekee. Takriban nusu ya watu wenye asili ya Ulaya wanayo; kwa wenye asili ya Afrika ni wachache zaidi. Mgonjwa Mwafrika wa ugonjwa huu, adimu kama alivyo, anaweza basi kubashiriwa kwa viashiria vilivyopimwa kwa wengine na kisha kukosa dawa iliyotengenezwa kwa wengine. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuhifadhi vizuri kila sampuli ya uvimbe wa jicho, popote inapopatikana, badala ya kuitupa.

Viashiria vya breki za kinga vibaki kwanza mikononi mwa watafiti, na vipimo vya kromosomu ya 3 na BAP1 viendelee kuongoza kliniki. Mhudumu asitoe kipimo cha ubashiri bila mpango wa ufuatiliaji na mtu wa kuzungumza na mgonjwa siku ya majibu. Naye mgonjwa, kabla hajakubali, ana haki ya kuuliza mambo matatu: kipimo hiki kitabadili nini katika matibabu yangu, kimehakikiwa kwa wagonjwa wa namna gani, na jibu likiwa baya, nani atakuwa nami baada ya hapo?