Miti Iliyokataliwa na Shoka

Wenyeji wa Yakushima, kisiwa kilichoko kusini mwa Kyushu nchini Japani, wana mzaha wao wa zamani: kwamba kwao mvua hunyesha siku 35 katika mwezi mmoja. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 500 tu, lakini katikati yake umesimama mlima Miyanoura wenye kimo cha mita 1,936. Upepo wa bahari uliojaa unyevu ukifika hapo hauna njia ila kupanda juu. Huko hupoa, ukamwaga maji. Pwani hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, na milimani kiasi hicho huweza kuzidi mara mbili.

Katika maji hayo imeota mierezi ya Kijapani iitwayo sugi. Chini yake ni mwamba wa graniti na udongo haba, hivyo mti hukua polepole mno, pete zake zikabanana, na mbao ikajaa utomvu unaozuia kuoza. Ndiyo maana wenyeji huuita mdogo mti ambao haujatimiza miaka 1,000.

Mwenye kutaka kuuona mkongwe wao, uitwao Jomon Sugi, huondoka kabla ya alfajiri. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 22 hivi, kazi ya saa kumi. Sehemu kubwa ya mwanzo mtu hukanyaga mataruma ya reli, na hapo ndipo mgeni hushangaa: reli yatafuta nini msituni? Ilikuja kutoa magogo. Tangu enzi za watawala wa kikabaila wakazi walilipa kodi kwa vigae vya mbao vilivyochongwa kutokana na miti hii, na katika karne ya 20 wakataji walijenga kijiji kizima kando ya reli, Kosugidani, chenye shule na watoto wake. Kijiji kilihamwa mwaka 1970. Leo yamebaki mawe ya misingi, yamevikwa kuvumwani.

Mbele zaidi, baada ya kuiacha reli na kuanza kukwea mizizi na ngazi za mbao, kipo kisiki kinachoitwa kwa jina la Ernest Wilson, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza aliyefika kisiwani mwaka 1914. Ndani yake mna uwazi mpana kama chumba, na kijito cha maji hupita humo.

Basi Jomon Sugi ulisalimikaje? Kwa ubaya wa umbo lake. Mkataji alitaka shina lililonyooka, linalopasuka vizuri; huu umejaa vinundu na mikunjo, haufai kwa kigae. Vikongwe vingi vinavyosifiwa leo viliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Umri wake umebishaniwa sana, kwani wapo wanaokadiria miaka 2,000 na kidogo, na wapo waliofika 7,200.

Lakini mti uliookolewa na dharau ulikaribia kuponzwa na mapenzi. Baada ya kugunduliwa mwaka 1966, watu walimiminika. Miti ya jirani iliondolewa ili uonekane, nyayo zikakanyaga udongo, na mvua ile ile ikausomba hadi mizizi ikabaki wazi. Mwaka 1996 likajengwa jukwaa la mbao, na sasa mgeni huutazama kwa mbali. Wapo wanaonung'unika kwamba wametembea nusu siku kuja kuzuiwa. Mimi naona mti una haki ya kudai hatua hizo chache.

Ama mwenye kufikiria kwenda na familia yake, ajue kwamba mvua ya huko ni baridi na huloanisha hata waliojifunika. Koti pekee halitoshi. Abebe nguo kavu na tochi. Kadhalika apange mapema saa ya kugeuza, akishaipanga aifuate hata kama mti umebaki mbele kidogo tu, kwa kuwa giza chini ya miti hiyo huingia mapema kuliko pwani, na mataruma yakilowa huteleza.