Wakimbizi wa Kigoma Hawali Jasho Letu

Kila misaada inapopungua, maneno yaleyale husikika kwenye vijiwe vya Kasulu na Kibondo, na siku hizi yanasemwa hata na wenye mamlaka: wakimbizi wanatunyonya, wanauza chakula cha bure, wavivu, wanamaliza misitu, warudi kwao. Nayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu kuna watoto wanaolala njaa watu wazima wakiendelea kuyaamini.

Tuanze na hili la kwamba wanakula kodi yetu. Si kweli. Unga, maharage, mafuta na chumvi vya kambi ya Nyarugusu huletwa na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa fedha za wahisani, na kwa miaka mingi Marekani ndiyo iliyotoa fungu kubwa. Tanzania imetoa ardhi na ulinzi, na heshima hiyo hakuna wa kutunyang'anya. Lakini nasi tumefaidika: WFP imekuwa ikinunua mahindi kwa NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yaani mahindi ya wakulima wetu, na manesi na madereva wengi wanaolipwa mishahara kule kambini ni Watanzania.

Wanauza mgao, kwa hiyo wameshiba? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mgao kamili hukadiriwa umpe mtu kilokalori 2,100 kwa siku. Juni 2023 ulishushwa hadi nusu, na hata hivyo watu waliendelea kuuza. Wanauza kwa sababu mgao hauna mboga, hauna dagaa, hauna daftari la mtoto. Maharage makavu yanataka kuni za kutosha, na kuni haziji pamoja na maharage. Mama wa Fizi, kule Kongo, aliyekulia ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, ukimpa unga wa mahindi mwezi hadi mwezi, atapunguza kidogo auze ili apate kile wanawe wanachoweza kula. Tena dawa ya jambo hili ilishajaribiwa. Mwishoni mwa 2016 WFP ilianza kuzipa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, zijinunulie zenyewe sokoni. Agosti 2017 serikali ikasimamisha mpango huo.

Kuhusu uvivu, nitakaa kidogo, maana hapa historia yetu wenyewe inatusuta. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi anayetoka kambini bila kibali ametenda kosa. Hana shamba, hana ruhusa ya kwenda kutafuta kibarua kijiji cha jirani. Masoko ya pamoja, ambako Mrundi aliuza nyanya na Muha, mwenyeji wa Kigoma, akauza mawese, yalianza kufungwa 2018, na wachuuzi wetu wakapoteza wateja pamoja na wakimbizi. Mtu umemfungia milango yote, kisha unamlaumu kwa kukaa ndani.

Linganisha na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Hao tuliwapeleka Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tukawapa ardhi porini na majembe. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakalipa kodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikaikabidhi serikali makazi yale. Mwaka 2014, chini ya Rais Kikwete, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Ni watu wa nchi ileile, wenye jembe lilelile. Kilichobadilika ni ruhusa tuliyowapa.

Misitu, ndiyo, imeumia, na wanakijiji wanaolalamika wana haki. Wanawake waliokwenda kutafuta kuni wamebakwa pia, na hilo halitajwi sana vijiweni. Nyarugusu ilishafanyiwa majaribio ya majiko ya gesi. Yapelekwe kwa kila kaya, kambini na vijijini.

Linabaki la kurudi kwao. Wakongomani wa Nyarugusu walianza kuingia 1996 wakitokea Kivu Kusini. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, Februari wakaiteka Bukavu. Aliyezaliwa Nyarugusu 1997 ana watoto wake sasa, na mnamwambia arudi mahali asipopajua, na vita haijaisha. Kwa Warundi hali ni tofauti: tangu 2017 wengi wamerejea, na kambi ya Mtendeli ikafungwa 2021. Wapo waliotaka kurudi kweli, na ni vizuri walisaidiwa nauli na chakula cha kuanzia. Lakini mkataba uliosainiwa kuhusu kuwarejesha unasema kurudi ni kwa hiari. Mtu ambaye soko lake limefungwa na mgao wake umekatwa hajachagua lolote anapopanda basi. Anayedai wanarudi kwa hiari na afungue soko kwanza, arudishe mgao kamili, ndipo akawaulize.