Tusiipime damu pekee, tuulize na ubongo

WAKAZI wa mtaa wa Obunga mjini Kisumu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi wamezoea kipimo kimoja. Mgonjwa hutolewa damu, damu hupelekwa maabara, na baadaye huelezwa wingi wa virusi vilivyomo. Vikiwa vichache mno hata mashine ishindwe kuvihesabu, huambiwa kwamba virusi havionekani. Hapo hutoka kliniki akiwa na furaha.

Furaha hiyo ina msingi. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) limeeleza wazi kwamba mtu ambaye virusi havionekani katika damu yake, na ambaye anaendelea kumeza dawa, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Katika Kaunti ya Kisumu, ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulipata kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima wana virusi hivyo, habari hiyo si ndogo.

Hata hivyo, neno "havionekani" limebebeshwa mzigo usio wake. Wako wagonjwa wanaolifasiri kuwa "havipo", wakaacha dawa. Wako pia wahudumu ambao wakishaona karatasi nzuri ya maabara, hawamwulizi mgonjwa jambo jingine. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: kudhani kwamba damu husema habari za mwili mzima.

Ukweli ni kwamba virusi vya Ukimwi hujipenyeza ndani ya chembe nyeupe za damu na kulala humo. Dawa huzuia virusi vinavyozaana, vilivyolala haviguswi. Wanasayansi walikadiria kwamba chembe hizo hupungua polepole kiasi kwamba mtu angehitaji kumeza dawa kwa zaidi ya miaka 60 ndipo ziishe. Dawa zikiachwa, aghalabu virusi hurudi katika damu baada ya wiki chache. Mtoto mmoja wa jimbo la Mississippi, Marekani, alidhaniwa mwaka 2013 kuwa amepona. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa. Mwaka 2014 virusi vikarudi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Ubongo nao ni maficho mengine. Mwaka 2012 watafiti nchini Thailand waliripoti kwamba virusi vilipatikana katika maji ya uti wa mgongo siku 8 tu baada ya mtu kuambukizwa. Isitoshe, ubongo una ukuta wake wa kujikinga ambao huzuia baadhi ya dawa kupenya vizuri. Ndiyo maana hutokea, ingawa si mara nyingi, kwamba damu haionyeshi virusi ilhali maji ya uti wa mgongo yanavyo.

Kupima maji hayo si kazi nyepesi. Daktari huingiza sindano sehemu ya chini ya mgongo, na watu wengi wanaogopa kwamba sindano hiyo huua au hupoozesha. Hofu hiyo haifai, kwa maana sindano hupita chini ya mahali uti wenyewe unapokoma. Lakini sisemi kila mgonjwa wa Obunga achomwe sindano ya mgongo. Kuna njia iliyo karibu zaidi.

Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao wa Uganda walichapisha kipimo rahisi cha akili kwa watu wenye virusi, walichokijaribu Baltimore na Kampala. Mgonjwa huambiwa maneno manne ayakumbuke. Kisha hugonganisha vidole viwili upesi kwa sekunde 5, halafu hubadilisha mkao wa mkono kwa mpangilio aliofundishwa. Mwisho huulizwa yale maneno. Alama ni 12. Anayepata 10 au chini yake anahitaji uchunguzi zaidi. Kinachohitajika ni saa ya mkononi na dakika chache tu.

Kipimo hicho si hakimu. Huwashuku wengi ambao hawana tatizo, na usahaulifu unaweza kuletwa na pombe, huzuni, upungufu wa damu, kaswende au homa ya uti wa mgongo. Lakini karibu yote hayo yanafaa kutibiwa yakigunduliwa mapema.

Chukulia mama anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, biashara iliyoipa Obunga jina. Akianza kukosea chenji, kusahau wadeni wake na kuwa mzito wa mikono karibu na mafuta yanayochemka, majirani watasema amelewa. Wengine watataja chira. Kliniki nayo itatazama karatasi ya damu na kumwambia yu mzima. Nani basi atamsikiliza? Na akianza kusahau dawa zenyewe, hata ile damu iliyosifiwa haitabaki hivyo.

Wapo watakaosema kwamba hakuna fedha. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Kenya imetegemea mno misaada ya Marekani kwa dawa na vipimo hivi, na iliposimamishwa ghafla Januari 2025 wagonjwa wengi waliingiwa na wasiwasi. Kaunti hazina budi kulinda kipimo cha damu kwa fedha zao. Lakini kumwuliza mgonjwa maneno manne hakungoji mfadhili.

Pendekezo langu ni hili. Kila kliniki ya dawa mjini Kisumu na katika fuo za ziwa ifanye kipimo cha akili angalau mara moja kwa mwaka, siku ile ile ya kutoa damu. Atakayepungukiwa apelekwe hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, achunguzwe. Nawe msomaji unayemeza dawa, ukiambiwa virusi havionekani, shukuru, kisha meza tembe za leo. Na ukiona kumbukumbu yako inakuponyoka, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.